Kibyongo na Patasi Mpya

Kinyozi tunayemzungumzia hapa alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote mtaani. Angekunyoa ndevu huku anakusimulia ugomvi wa majirani, na kisa kikiisha kidevu kimeshakuwa laini, wala hujui wembe ulipita saa ngapi. Huo ulikuwa upande wake mzuri. Upande wa pili ulionekana siku za Jumapili, bandani nyuma ya nyumba yake, alipowasha mashine ya kukereza mbao.

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Mota ilitoka kwenye mashine ya kufulia nguo iliyochoka, nayo ilizungusha kipande cha gogo mbiombio. Wewe kazi yako ni kushika patasi, kuiegemeza kwenye chuma cha mbele, kuigusisha kwenye gogo, na maranda yakiruka huku na huku bakuli linatokea. Kwa watu wengine linatokea. Kwa Kinyozi kilitokea kitu ambacho ukikiweka mezani kinakutazama kwa upande. Kila bakuli lake lilikuwa na kigongo mahali, au bonde, au mdomo uliovutwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Vigoda vyake vilicheza. Mchi wake ulikuwa na nyonga.

Na usidhani hakujua. Alijua, tena ilimuuma. Mtu mzima, mikono yake inasifiwa na kila anayekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, halafu anashindwa na bakuli la chumvi. Mkewe alikataa katakata vitu hivyo visiingie jikoni mwake. Alisema yeye ni mshonaji, kutwa nzima anatafuta kilichopinda, hawezi kufanya kazi hiyohiyo akirudi kupika. Kwa hiyo vyote vilikwenda kwa Mama, mtaa wa pili, ambaye hakuwahi kukataa hata kimoja. Mama alikipokea kitu, akakigeuza, akakipapasa pole pole kila upande, akasema, "Hiki kizuri. Kiweke pale." Akishasema pale, basi ni pale mpaka kiama.

"Mama ananipenda tu," Kinyozi alimwambia mkewe. "Hata ningempelekea jiwe angelipokea."

"Jiwe lingesimama," mkewe akasema, na kuendelea kutia uzi sindanoni.

Neno hilo lilimkaa Kinyozi kooni. Kesho yake akafunga kibanda chake cha kunyolea mapema, akaenda kwa Bwana Vyuma.

Huyu Bwana Vyuma alikuwa na duka dogo la vifaa vya mbao, na tabia yake ilikuwa moja: hakuuza patasi zake kwa mtu yeyote hivi hivi. Alimkalisha Kinyozi kwenye kigoda, akafunga mlango, akamtazama mikono, akamtazama viatu.

"Zile za zamani zimekukosea nini?"

"Zinakwaruza. Zinaruka. Kila bakuli linatoka na kigongo."

"Nyumbani kuna unyevu?"

"Kidogo, wakati wa mvua."

"Watu wa kwenu wana hasira?"

"Dada yangu."

"Anaishi nanyi?"

"Hapana."

Bwana Vyuma akapumua. Akaingia nyuma, akarudi na kifurushi cha flana, akakifungua polepole. Zilikuwa patasi nzito zenye mipini mirefu, na ile ya mbonyeo, iitwayo bobari, ilikuwa inameta mpaka Kinyozi akaona meno yake mwenyewe ndani yake. Akafundishwa pale pale. Mpini ubanwe kiunoni. Mgongo wa patasi uguse mbao kwanza, ndipo makali yashuke. Kunoa ni kwa jiwe la umeme, na si kwa kitu kingine chochote chini ya jua. "Na ukiwa nazo, nyamaza," Bwana Vyuma akamalizia. "Chuma kizuri hakitaki porojo."

Malipo wakakubaliana hivi: Bwana Vyuma atanyolewa bure maisha yake yote. Tangu siku hiyo akawa anakuja kibandani kila asubuhi, hata siku ambazo uso wake haukuwa na cha kunyoa, na akishafungwa shuka shingoni anauliza, "Wanangu hawajambo?" Kinyozi anajibu kwamba hawajambo.

Na kweli hawakuwa na jambo. Jumapili ya kwanza Kinyozi alisimama mbele ya mashine kimya kama yumo maktaba, akabana mpini kiunoni, akagusisha mgongo, akashusha makali. Maranda yalitoka marefu, yamejikunja, bila kelele. Alipozima mota bakuli lilikuwa limekaa mezani, mviringo mtupu, linatazama mbele. Akalizunguka. Akalipiga kofi dogo, halikutikisika. Nasema kweli, mtu huyu mwenye ndevu zake alikaa chini juu ya maranda akalia kwa furaha.

Ungedhani angeishia hapo. Wapi. Kichwa kilishavimba. Aliamua kurudia kila kitu alichowahi kumpelekea Mama. Akakereza bakuli la chumvi jipya, la sukari jipya, la sabuni ya unga jipya, kigoda kipya, kishikio kipya cha mlango wa chumbani, hata mchi. Juu ya hayo akaongeza stendi ya makoti ambayo hakuna aliyeiomba. Siku moja akavipakia vyote kwenye mkokoteni, akaingia navyo kwa Mama akiwa na mluzi mdomoni. Vile vya zamani akavitia guniani, akaenda navyo nyumbani, akavichoma uani kuchemshia maji ya kuoga, akaoga kwa raha zake. Patasi za zamani akampa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi bomba, ambaye hupokea chochote.

"Vinang'aa," Mama alisema siku ile, huku anatazama ukuta uliokuwa karibu na bakuli. Vidole vyake vilizunguka ukingo mara nyingi, vikirudi palipoanzia, kama mtu anayetafuta mlango. "Umeviweka palepale?"

"Bora zaidi. Nimevipanga kwa ukubwa."

"Ahaa," Mama akasema. "Kwa ukubwa." Akaketi kitandani.

Sasa ngoja nikueleze kuhusu Dada Mkubwa, maana ndiye aliyekuja wiki hiyohiyo, Kinyozi naye akiwa pale kwa Mama. Dada Mkubwa alikuwa mkaguzi wa majengo. Alitembea na pimamaji mkobani, ile rula yenye kiputo cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, na hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kugonga ukuta na kusikiliza. Alimpenda Mama sana, lakini mapenzi yake yalikuwa ya aina ya kusimamia.

Mama akaamka kumwekea mwanawe chai. Akaenda jikoni kwa hatua zake za kila siku, akanyoosha mkono, akachota vijiko viwili, akakoroga, akaleta. Dada Mkubwa akapiga funda moja kubwa. Akataka kusema kitu, na badala ya neno likatoka povu. Likatoka jingine. Kinyozi, ambaye povu ndilo linalomlisha, alijua pale pale kwamba hiyo ni sabuni ya unga na tena ya aina nzuri.

"Mama," Dada Mkubwa akasema, viputo vinapasuka midomoni, "umenitilia nini?"

"Sukari, mwanangu. Imezidi?"

Kisha Mama akaketi kwenye kigoda. Niseme vizuri: aliketi mahali ambapo kigoda kilikuwa siku zote, kabla Kinyozi hajakisogeza kwa ajili ya kupendezesha. Akafika sakafuni akiwa bado ameshika kikombe chake wima. Wakamwinua, akasema hakuumia, akasema alitaka tu kukaa chini kwa sababu ya joto. Na Dada Mkubwa alipokuwa anaondoka, Mama akamsindikiza hadi mlangoni, akaikumbatia ile stendi mpya iliyotundikwa koti, akaipapasa mabegani, akaiambia, "Nenda salama, mama. Umekonda, ule."

Dada Mkubwa, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma, akamshika mdogo wake mkono, akamtoa nje.

"Mama akili inamtoka."

"Dada, usiseme hivyo."

"Ameaga stendi. Mwisho wa mwezi nakuja kumkagua tena. Nikikuta hali ni hii, namchukua nikae naye kwangu. Sitaki kusikia siku moja kwamba ameunguza nyumba yeye yumo."

Kinyozi aliijua nyumba ya dada yake. Ilikuwa juu kabisa, ghorofa ya nne, nyeupe kila upande, kila pembe ni pembe na kila ukuta unafanana na mwenzake. Mtu mwenye macho yake alikuwa anapotea humo akitafuta choo.

Alirudi ndani. Mama alikuwa kitandani, mikono mapajani.

"Ameshaenda?"

"Ameshaenda."

"Funga mlango. Akili yangu iko timamu, baba. Kilichoondoka ni macho."

Kinyozi hakuelewa mara moja. Akauliza yameondoka wapi.

"Yamezimika. Nilikwenda hospitali peke yangu, wakanimulika, wakanizungusha, wakasema yaliyopotea hayarudi. Nikawashukuru, nikarudi kupika."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu kabla hujaanza kunyoa watu."

"Lakini juzi uliniambia shati langu zuri."

"Kwani kuna mtu anayebisha?"

Ndipo Mama akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Kinyozi alivyozidi kujisikia mdogo. Lile bakuli la chumvi lenye kigongo Mama alikuwa analiita Kibyongo. La sukari lilikuwa Mdomo. La sabuni lilikuwa na bonde ubavuni, hilo alikuwa analiita Mwenye Njaa. Kigoda kilichokuwa kinacheza, ambacho ukipita karibu nacho sakafu inakifanya kigonge mara mbili, kiliitwa Kigugumizi, na ndicho kilichokuwa kinamwambia kila asubuhi kwamba yuko katikati ya chumba. Kishikio cha mlango kilikuwa na pua. Nyumba nzima ilikuwa inamsemesha. Alikuwa anafua, anapika, anapokea wageni, anamwambia kila mgeni amekonda, maana hakuna anayekataa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeshuku.

"Sasa umeniletea vitu vyote vina sura moja," Mama akasema. "Nimo humu ndani, lakini sipo nyumbani. Na huko kwa dada yako ni hivi hivi, hadi dari. Usimwambie. Akijua sioni, ataniondoa leo hii."

"Kwa nini hukunikataza, Mama?"

"Ningekukatazaje? Ungeuliza kwa nini nashindwa kuvitofautisha kwa macho."

Kinyozi aliona aibu kubwa, na si ile ya kupita. Ni yeye aliyemhamisha mama yake bila hata kumtoa chumbani, halafu akaoga maji ya moto yaliyochemshwa kwa nyumba yake. Akamwahidi kwamba kabla ya mwisho wa mwezi Kibyongo atarudi.

Ni rahisi kusema. Kazi ilikuwa pale bandani. Alichukua gogo, akashika bobari, akanuia kuharibu, na likatoka bakuli zuri. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, likatoka zuri zaidi. Akajaribu amefumba macho, amesimama mguu mmoja, amejipulizia pilipili puani ili apige chafya katikati ya kazi. Alipiga chafya ya kutikisa bati, na patasi ikapita laini, ikaacha ukingo mwembamba ambao angeupata katika ndoto tu. Mabakuli mazuri yakajaa banda. Yakajaa ukumbini. Mkewe akawa anatilia vifungo humo, akasema haya sasa ndiyo mabakuli, na Kinyozi akatamani kulia.

Akachukua tupa, akatengeneza kigongo kwa nguvu, kipande cha mbao na gundi, akakipeleka kwa Mama. Vidole vya Mama vilikipitia mara moja tu.

"Huyu kigongo amebandikwa," akasema. "Kibyongo wangu alizaliwa nacho."

Akachonga bonde kwa kisu, akalipeleka.

"Huyu siyo Mwenye Njaa. Huyu amegongwa na gari."

Siku zikawa zinayoyoma. Kinyozi akaona ni afadhali arudishe patasi za zamani, zile mbovu, zikwaruze kama zamani. Akaenda kwa shemeji yake mbio. Fundi bomba alikuwa chini ya sinki la mtu, miguu nje.

"Shemeji, zile patasi zangu bado zipo?"

"Zipo, shem. Ni dhahabu zile." Mkono ukatoka chini ya sinki na patasi. "Nilizipitisha kwenye jiwe la umeme tu. Chuma kizuri sana. Sijui kwa nini uliziacha."

Kinyozi akaigusa kwa ncha ya kidole, na kidole kikatoka damu.

"Zilikuwa hazikati," akasema.

"Ulikuwa unazinolea nini?"

Kinyozi akakifuta kile kidole. "Mkanda."

"Mkanda upi?"

"Wa kinyozi. Wa ngozi. Kama nyembe."

Miguu iliyokuwa nje ya sinki ikaacha kutikisika. Shemeji akatoka chini, uso umelowa, akamtazama kwa huruma ambayo hakuwahi kumwonyesha tangu amwoze dada yake. "Mkanda unasugua makali yaliyopo, shem," akasema taratibu. "Hayo yako yalishakuwa mviringo."

Basi kumbe miaka yote hiyo patasi zilikuwa nzima. Jumapili baada ya Jumapili alizisugua kwenye ngozi kwa mapenzi na kuzifanya butu zaidi, na hakuna aliyeona, kwa kuwa alizifanyia alichojua kukifanya vizuri. Akarudi nyumbani, akautoa mkanda, akaanza kuisugua bobari mpya ili nayo aiharibu. Kwa bahati mbaya Bwana Vyuma alikuwa anapita kunyolewa. Aliusikia ule mlio wa ngozi akiwa nje, akaingia bandani mikono kichwani, akampokonya patasi, akaikumbatia kama mtoto aliyeokolewa kisimani, akasema akirudia tena wanawe watarudi kwao. Alinyolewa siku hiyo huku ameipakata.

Hapo Kinyozi akaishiwa. Akaketi mlangoni mwa banda, akamweleza mkewe yote, na siri ya macho ya Mama pia, kwa sababu ilikuwa imemzidi uzito. Mkewe hakucheka. Aliweka nguo chini, jambo ambalo hulifanya mara chache.

"Mimi nilidhani umeugua," akasema.

"Kwa nini?"

"Huongei. Zamani ukiingia humu nilikuwa nakusikia mpaka jioni. Unaongea na gogo. Unaliuliza tupunguze pembeni au tuache. Unalipa habari za mtaa. Siku moja ulilisimulia ugomvi wangu na mama mwenye nyumba, na ukanipa mimi makosa. Siku hizi umekaa kimya kama umo chumba cha mtihani."

Kinyozi akamtazama. Kisha akautazama mkono wake wa kulia. Akaunyanyua hewani, akaunyoa uso usiokuwepo, shavu, kidevu, akafika chini ya sikio, na kiganja, chenyewe, bila kuulizwa, kikajikunja na kuruka juu kidogo, kama anavyofanya kila akimaliza sehemu tamu ya hadithi. Akarudia. Kikaruka tena.

"Hicho ndicho kigongo," akasema polepole.

Akaenda kibandani, akarudi na shuka la kazi. Akaifunga mashine shuka hilo shingoni, pale chini ya gogo, akabana na kibanio. Akanyunyizia gogo maji kidogo, akalipangusa. Mkewe alisimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Karibu, mzee," Kinyozi akaliambia gogo. "Vipi, tunapunguza pembeni?" Akaiwasha mashine. Akaishika bobari kwa vidole vitatu kama wembe, kidole cha mwisho juu, akaanza kusimulia. "Basi bwana, hujasikia ya shemeji yangu. Mwaka jana ameitwa na bibi mmoja, bomba linavuja..." Na hadithi ilipofika patamu, pale shemeji anapofungua koki isiyo yenyewe, kiganja kikaruka, patasi ikadakia, gogo likapiga kelele, na ubavuni pakabaki kigongo. Kilikuwa kinene na kimeelekea kushoto.

Usiku huo furaha ilimnyima usingizi, na asubuhi alikwenda kwa Mama na bakuli chini ya kwapa. Mama alilipokea. Vidole vikatambaa ubavuni, vikafika kwenye kigongo, vikasimama.

"Karibu nyumbani, Kibyongo," akasema. Kisha akauliza, "Ulikuwa unasimulia nini?"

Akarudisha wote. Mdomo alitokana na kisa cha mchungaji aliyenyolewa nusu umeme ukakatika. Mwenye Njaa alitokana na habari za mpiga picha aliyejipiga picha msibani. Kigugumizi kilihitaji hadithi ndefu ya mirathi yenye ndugu wengi, mguu mmoja ukatoka mrefu kuliko yote. Kila kitu kilirudi pale pale, na ile stendi ikafukuzwa.

Mwisho wa mwezi Dada Mkubwa akaja, mkoba begani, ameshamfungashia Mama mizigo kichwani mwake. Kinyozi alisimama pembeni, jasho linamtiririka mgongoni. Mama akaenda jikoni. Kigugumizi kikagonga mara mbili. Mkono ukampita Kibyongo, ukamkwepa Mwenye Njaa, ukatua kwa Mdomo, ukachota. Dada Mkubwa akanusa kikombe kwanza, akaonja kwa ncha ya ulimi, akangoja povu. Halikuja.

Lakini huyu alikuwa mkaguzi. Akatoa pimamaji. Akaiweka juu ya kigoda, kiputo kikakimbilia upande. Akaiweka juu ya Mdomo, kikakimbia. Juu ya kishikio cha mlango, juu ya rafu, kila mahali kiputo kilikuwa kinakimbia. Akaishusha rula.

"Hakuna kitu hata kimoja kilichonyooka katika nyumba hii," akasema.

Mama akaweka kikombe chini. Kinyozi alimwona anavyovuta pumzi, akataka kumzuia, akachelewa.

"Ndiyo maana sijawahi kupotea humu," Mama akasema. "Sioni, mwanangu. Miaka mingi sasa. Nimechoka kukuficha, na mdogo wako atakufa kwa presha hapo aliposimama."

Dada Mkubwa aligeuka. Akamtazama Mama, akamtazama mdogo wake, akayatazama mabakuli. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha kichwa, akajifunga macho mwenyewe, akakaza fundo. "Msiniongeleshe," akasema. Akaanzia kitandani. Mikono mbele, miguu inaburuza, akagonga Kigugumizi, kikagonga mara mbili, akatikisa kichwa kama mkaguzi anayeandika ripoti. Akaipata pua ya mlango. Akafika jikoni, akapapasa, akaacha, akapapasa, akajiwekea chai. Akainywa yote amesimama. Ilikuwa na sukari.

Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda bombani, ambako hakuna aliyemtarajia, na pale kwenye kidato, ile ngazi moja ya kushukia uani, akakosa cha kushika, akaanguka uani chali, buu, mikono wazi.

"Hapo hata mimi huanguka," Mama akasema kutoka ndani.

Dada Mkubwa hakuinuka. Alilala pale, kitambaa usoni, na Kinyozi akaona kitambaa kinalowa.

"Huwa unaanguka hapa peke yako, Mama?"

"Mara mojamoja. Najikung'uta, naingia ndani."

Dada Mkubwa akaketi, akakifungua kitambaa. Halafu ile sauti ya kazini ikarudi, ingawa imekwaruza. "Hapa panatakiwa nguzo ya kushikia. Leo. Nimeanguka mimi mara moja tu, na Mama asianguke tena."

"Isinyooke," Mama akasema.

"Umesikia?" Dada Mkubwa akamwambia mdogo wake. "Isinyooke."

Mchana huohuo walikuwa bandani wawili. Gogo la nguzo lilikuwa refu, Dada Mkubwa akashikilia ncha ya pili. Kwa mazoea alitoa pimamaji, Kinyozi akaichukua, akaitia mfukoni.

"Wewe ongea tu," akamwambia. "Leo mimi sina hadithi."

"Niongee nini?"

"Chochote. Tangu ulipohama."

Dada Mkubwa akaanza kwa shida, kisha akashika kasi, na jioni nguzo ilikuwa imesimama kwenye kidato, ina mabonde na vigongo kutoka juu hadi chini. Mama akaletwa. Akaipapasa polepole, akatabasamu. "Hapa mlikuwa mnacheka." Akashuka. "Na hapa tena." Alipofika katikati, penye bonde refu kuliko yote, mkono ukasimama.

"Na hapa nani alikuwa analia?"

Kinyozi na dada yake, kila mmoja akamwelekezea mwenzake kidole, kimya kimya.

"Acheni kunyoosheana vidole," Mama akasema, na kushuka kwenye kidato kwenda kuteka maji.